Simu Used Kabla ya Kufika Jang'ombe

Simu used inayouzwa Jang'ombe, mjini Zanzibar, mara nyingi imepitia Dubai, na kabla ya Dubai ilikuwa mkononi mwa mtu wa Marekani au Ulaya aliyeirudisha dukani, akaongeza pesa, akachukua mpya. Simu za namna hiyo hukusanywa kwa shehena na kuuzwa kwa mnada kwa wafanyabiashara wa jumla, baada ya kupangwa madaraja: A haina mkwaruzo wa kuonekana, B ina michubuko, C imepasuka au ina kasoro. Madaraja hayo hayana kipimo kimoja. A ya muuzaji huyu ni B ya yule, na tofauti hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Kazi nyeti ni kufuta data iliyomo. Simu za kisasa huhifadhi kila kitu kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo umo ndani ya simu yenyewe. Simu inaporudishwa hali ya kiwandani, kinachoharibiwa ni ufunguo huo. Picha na ujumbe havisomeki tena, hata kama chembechembe zake zimebaki kwenye hifadhi. Ndiyo maana simu yenye GB 256 hufutika kwa dakika chache tu.

Akaunti ni jambo jingine. Tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Android 5.1 ya 2015, simu iliyofutwa bila akaunti kutolewa kwanza humdai mtumiaji mpya nywila ya mmiliki wa zamani. Uzembe huo mdogo huigeuza simu nzima kuwa spea. Fundi huipasha moto hadi gundi ilegee, akatoa kioo, kamera, sistimu ya chaji, na kwa bloa akang'oa chipu (IC) kwenye bodi. Kwa iPhone hata njia hiyo imebanwa: kuanzia iOS 18 ya 2024, baadhi ya spea zilizotoka kwenye simu iliyofungwa hazikubali kusawazishwa kwenye simu nyingine bila nywila ileile. Hatua hiyo humkomoa mwizi, lakini humkomoa fundi pia.

Kwenye mtandao wa simu kuna kizuizi kingine. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini, Zanzibar ikiwemo. Mnunuzi hubonyeza *#06#, akatuma tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, na jibu humwonesha aina ya simu. Jina likitofautiana na simu iliyo mkononi, hiyo si ya kununua.

Bodi isiyofaa hata kwa spea bado ina shaba na dhahabu kidogo, takriban gramu 0.03 kwa simu, ambayo hailipi mpaka bodi zikusanywe kwa maelfu na kupelekwa kwenye viwanda vya kuyeyushia nje ya nchi. Usafirishaji huo, tangu 1 Januari 2025, unahitaji idhini ya nchi inayopokea chini ya Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi. Betri hutengwa mapema, kwa kuwa ya lithiamu ikitobolewa jaani huweza kuwaka moto.