Ndoo, Ngazi na Kifundo cha Mkono

Mwaka 1936, Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha mjini Oakland, California, alipata hataza ya kifutio kipya cha vioo. Wenzake walikuwa wakihangaika na dude zito la chuma lenye mipira miwili, lililokazwa kwa skrubu chungu nzima. Mpira ukichakaa, fundi alikaa chini na bisibisi akapoteza muda wa malipo. Chombo cha Steccone kilikuwa chepesi, cha shaba ya manjano, chenye umbo la herufi T na mpira mmoja tu wenye ukingo mkali. Mwaka huohuo, kwa sadfa ya kupendeza, George Formby aliwachekesha Waingereza kwa wimbo kuhusu msafisha madirisha na mambo anayoyaona akiwa juu ya ngazi. BBC iliuona mtundu mno, ikaugomea.

Miaka mingi imepita, na kifutio hicho kingali vilevile kwa sehemu kubwa. Mtu anayetaka kuanza kazi hii leo katika mji wa kawaida wa Uingereza hahitaji kukopa benki. Anahitaji kifutio cha sentimeta 35 hivi, kirungu kilichovishwa kitambaa cha manyoya cha kulowanishia kioo, ndoo ya mstatili ili kirungu kiingie kikilala, ngazi nzuri, na vitambaa vya kitani vya kumalizia kingo. Sabuni ni ileile ya kuoshea vyombo, tone dogo tu. Wanaoanza huimimina kwa wingi wakidhani povu ndilo usafi. Povu likizidi, kioo hubaki na michirizi.

Huu ndio usafishaji unaoitwa wa jadi, nao umepata mshindani. Madirisha mengi ya ghorofani Uingereza sasa husafishwa kutoka chini, kwa ufito mrefu wenye brashi inayotiririsha maji yaliyochujwa hadi madini yake yote yakatoka. Maji hayo hukauka yenyewe bila kuacha madoa. Ni njia salama na ya haraka, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini anayeanzia hapo hununua mitambo, matangi na gari kabla ya kujua kama ana mteja hata mmoja. Tena hukosa kitu kingine: ufito hauwezi kuingia sebuleni kwa mtu, na ndani ya nyumba au kwenye kioo cha duka la vitabu, mkono ungali mfalme.

Mkono wenyewe hufundishwa taratibu. Kwanza kioo husuguliwa chote kwa maji, hasa pembeni, ambako uchafu wa buibui na moshi wa magari hujificha. Kisha fundi hukausha ukanda mwembamba kando ya fremu. Hatua hii anayeanza huiruka, na ndiyo inayomtofautisha na aliyekomaa, kwa kuwa mpira ukianza safari yake mahali pakavu, maji ya kwenye fremu hayapati pa kuingilia. Baada ya hapo kifutio huinamishwa kidogo ili maji yasukumwe kuelekea upande ambao haujafutwa. Wengine huvuta mistari iliyonyooka toka juu hadi chini, wakipangusa mpira kila mara. Mafundi huenda kwa mawimbi: kifutio hakiinuki kwenye kioo, kinapinda, kinageuka, kinarudi, na kazi yote inafanywa na kifundo cha mkono. Jua likiwa kali, yote haya yafanywe haraka, maana kioo cha moto hukausha sabuni kabla mpira haujafika.

Mwingereza Terry Burrows, wa Essex, aliufikisha mwendo huo mahali pa kushangaza. Katika mashindano yenye kanuni rasmi, alisafisha madirisha matatu ya ofisi, kila moja likiwa na upana na urefu wa sentimeta 114.3, kwa sekunde tisa na ushei. Kila mchirizi ulioachwa huongezewa adhabu ya muda, kwa hiyo si mbio za kupaka maji tu.

Ngazi nayo ina adabu zake. Ikipanda mita nne ukutani, miguu yake ikae mita moja kutoka ukutani. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu hazikuipiga marufuku, kama inavyosemwa vijiweni. Ziliibakizia kazi fupi zisizo na hatari kubwa. Huko Scotland halmashauri inaweza pia kumdai msafishaji leseni, kwa sheria ya mwaka 1982. England haidai leseni, ila asiyekata bima ya madhara kwa watu wengine anacheza kamari na vioo vya watu.

Biashara yenyewe haimo kwenye vifaa. Imo kwenye mzunguko, yaani nyumba zilezile zinazosafishwa kila baada ya wiki nne hivi. Mwanzoni mzunguko hujengwa kwa miguu, mlango hadi mlango, hodi baada ya hodi. Busara ni kutafuta nyumba ishirini za mtaa mmoja kabla ya kukubali nyumba nzuri iliyo ng'ambo ya mji, kwa kuwa muda wa barabarani haulipwi na yeyote. Bei hupangwa kwa nyumba, si kwa saa, na usafi wa mara ya kwanza hutozwa zaidi kwa ajili ya uchafu uliolala.

Mzunguko uliokomaa una soko lake. Anayestaafu huuza wateja wake kwa bei inayokadiriwa kutokana na mapato ya mwezi, na mnunuzi mwerevu hamwachi aondoke siku ya malipo. Humwomba wazunguke pamoja kwanza, mlango kwa mlango, ili aoneshwe geti lipi hufungwa kwa ndani, nani hulipa jioni tu akitoka kazini, na mbwa yupi kelele zake ni za bure.