Vidimbwi vya Embu: Kosa Lilianzia kwenye Mbegu

Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009 ulilenga kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kimoja mita mraba 300, kila kimoja vifaranga 1,000. Embu na Meru zilipata fungu lao, na Kanyakine, Imenti Kusini, ikajengewa kiwanda kidogo cha kusindika samaki. Vijana walilipwa kuchimba, karatasi za nailoni zikatandazwa palipokuwa na udongo unaonyonya maji, maafisa wa uvuvi wakazunguka vijijini kufundisha. Kazi hiyo ilifanyika vyema. Kilichoharibika ni uamuzi wa mbegu: mashamba yanayomwaga maji mto Tana yalipangiwa tilapia wa Nile, samaki asiye wa bonde hilo, ilhali bonde lina tilapia wake. Uamuzi huo ulikuwa kosa tangu siku ulipofanywa, na sababu za kuukataa zilikuwa zimeandikwa miaka mingi kabla.

Tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, kwao ni mto Nile na Ziwa Turkana, na ana jamaa zake Baringo. Mito ya mashariki ya Kenya, Tana na Athi ikiwemo, ni makao ya Oreochromis spilurus, ambaye vitabu vya zamani vilimwandika Tilapia nigra. Kaskazini, maji ya Meru yanakoelekea Ewaso Ng'iro, kuna nasaba yake ya pekee, percivali, anayejulikana kutoka Buffalo Springs huko Isiolo. Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa makumbusho ya London aliyetumia maisha yake kuwatofautisha samaki hawa, aliwapanga mmoja mmoja katika kitabu chake cha 1983. Aliyechagua mbegu mwaka 2009 hakuhitaji utafiti mpya. Kitabu hicho kilitosha.

Hatari iko kwenye uzazi. Dume la spilurus na la Nile yote mawili huchimba kiota cha duara kwenye maji ya kina kifupi na kukilinda. Jike huingia, hutaga, huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Adui akitokea, huwafungulia mdomo wakarudi ndani. Tabia zikifanana hivyo, kinachobaki kuamua nani azae na nani ni ukubwa na ubabe wa dume, na dume la Nile, linalokua upesi na kuwa kubwa, lina nafasi nzuri ya kutwaa kiota. Watoto wao si tasa. Chotara huzaa na spilurus, wajukuu nao huzaa, na baada ya vizazi kadhaa mto una samaki wengi tu lakini nasaba ya asili imemezwa. Mkia wa tilapia wa Nile una mistari ya wima iliyo wazi, na mvuvi mzoefu humjua kwa mistari hiyo. Chotara wa kizazi cha pili au cha tatu hajulikani kwa macho. Ni lazima apimwe vinasaba.

Utetezi wa kila mara ulikuwa kwamba vifaranga wanaogawiwa ni madume watupu. Hoja hii imewatuliza wengi na haina nguvu, kwa hiyo inafaa ichambuliwe polepole. Madume hupatikana kwa kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula. Tuseme kazi imefanywa vizuri na asilimia 98 wamekuwa madume. Katika kidimbwi cha vifaranga 1,000 wamebaki majike 20, na kila mmoja akikomaa hubeba mamia ya mayai. Kwa mkulima hesabu hiyo inavumilika. Kwa mto haivumiliki.

Na hata madume yangekuwa asilimia 100, hoja ingeanguka vilevile, kwa kuwa dume likitoroka linawakuta majike ya spilurus mtoni yakingoja msimu. Mbinu ya madume watupu ilibuniwa ili samaki wasizaane wakajaa na kudumaa ndani ya kidimbwi, na kazi hiyo inaiweza. Uchotara nje ya kidimbwi haiwezi kuuzuia, maana dume ndilo hasa linaloupeleka mtoni. Kinga ya kidimbwi ilitangazwa kuwa kinga ya mto, na hakuna aliyesimama kuuliza jike la upande wa pili ni la nani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya uvuvi akijibu hivyo kwenye mtihani angekatwa alama.

Kutoroka kwenyewe hakuhitaji gharika. Manyatta na Runyenjes ni nchi ya miteremko ya chai na kahawa, na mahali rahisi pa kupata maji ni bondeni, kando ya Rupingazi, Kapingazi, Ena na Thuci. Siku ya kuvuna bomba la chini hufunguliwa, maji huingia mferejini, na mfereji huishia mtoni. Wavu huwabakiza samaki wa kuuza. Kifaranga aliyetoka juzi mdomoni mwa mama yake hafiki sentimita moja, na matundu ya chujio la kawaida humpitisha bila kumgusa. Kisha mvua huja: masika ya 2018 na ya 2024 yalilijaza bwawa la Masinga hadi likafurika, na mito yote ya juu yake ilikuwa imepanda kingo. Kanuni za maji za 2007 zilikwisha kutenga ukingo wa mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, na Sheria ya Mazingira ya 1999, kifungu cha 42, hukataza kuingiza mnyama yeyote mtoni au ziwani bila idhini. Kidimbwi chenye bomba linalomwaga mtoni ni sehemu ya mto, kiitwe shamba au kiitwe mradi.

Kenya ilikuwa na mifano yake nyumbani. Ziwa Victoria lilipandikizwa tilapia wa Nile miaka ya 1950, pamoja na mbuta. Ngege na mbiru, tilapia wa asili wa ziwa hilo waliokuwa kitoweo cha Nyanza kizazi hadi kizazi, wakatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, na ngege halisi sasa hutafutwa katika maziwa madogo kama Kanyaboli. Lakini mfano unaouma zaidi ni Naivasha, kwa sababu mhusika wake ni huyuhuyu spilurus. Aliwekwa ziwani humo mwaka 1925. Mwaka 1956 akaletewa Oreochromis leucostictus, wakachanganyika, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 spilurus hakuwepo tena. Baadaye, mwaka 2014, Ndiwa, Nyingi na Agnèse walichapisha uchunguzi wa tilapia wa bonde la Loboi, karibu na Bogoria, wakionyesha vinasaba vya leucostictus ndani ya samaki wa asili na kuonya kuhusu ufugaji. Tanzania nako, watafiti waliozunguka mabonde ya mito wamewakuta tilapia wa kigeni karibu kila walikotupa wavu.

Hujibiwa kwamba tilapia wa Nile alikwisha kuingia mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana, hivyo hasara imeshapatikana. Jibu hilo halitazami ramani. Samaki aliye Masinga au Kamburu, akitaka kufika vijito vya Embu, lazima apande kinyume cha maji, apite mawe na maporomoko. Samaki aliye kidimbwini juu ya Kianjokoma hushuka bila jasho na kupita kila kituo njiani. Kuwepo kwa mgeni chini ya bonde kulikuwa sababu ya kuilinda sehemu ya juu kwa bidii zaidi. Mabwawa yenyewe yana deni lake la zamani: kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, kuta tano ziliinuliwa mtoni bila ngazi ya samaki, na mkunga anayezaliwa Bahari ya Hindi na kukulia maji baridi akafungiwa njia. Mto uliokwisha kukatwa kutoka baharini ulistahili kuachiwa angalau tilapia wake.

Wa zamani walifanya vizuri zaidi, na walifanya jirani tu, Sagana. Kituo cha ufugaji samaki kilianzishwa huko mwaka 1948, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Vernon van Someren na Peter Whitehead walifuga humo Tilapia nigra, yaani spilurus mwenyewe, wakichapisha matokeo mfululizo kati ya 1959 na 1961. Waliyaona matatizo yake: huanza kuzaa akiwa mdogo, hujaa kidimbwi, hudumaa. Hawakumtupa. Waliwatenganisha madume na majike kwa mkono, wakapima madume yanakua kiasi gani yakiwa peke yao, kwa umri gani na kwa msongamano upi. Van Someren alikuwa amekwisha kuwapima vivyo hivyo trauti wa mito ya Kenya katika kitabu chake cha 1952. Msingi wa kuiboresha mbegu ya nyumbani kizazi baada ya kizazi uliwekwa hapo, ukaachwa. Miaka ya 1980 Kuwait na Saudi Arabia zilimfuga spilurus katika maji ya bahari, kwa sababu huvumilia chumvi. Ghuba ilimwona samaki huyu kuwa na thamani wakati kwao alihesabiwa kuwa mdogo mno.

Kuhusu mazao, inatosha kusema kwamba samaki wa kufugwa nchini walipanda kutoka chini ya tani 5,000 mwaka 2009 hadi zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014, kisha wakashuka hadi karibu tani 15,000 mwaka 2016, chakula cha samaki kilipopanda bei na ruzuku kukoma. Sehemu za juu za Embu hazikuwa na matumaini tangu mwanzo. Tilapia hustawi kwenye maji ya nyuzijoto 25 hadi 30, na chini ya 20 hukawia sana kukua. Maji yanayotoka msitu wa Mlima Kenya ni baridi. Mradi uliofuata wa biashara ya ufugaji samaki, uliogharimiwa na IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, kuanzia 2018 na kuzijumuisha Embu, Meru na Tharaka Nithi, ulileta mafunzo bora ya masoko. Mbegu haikubadilika.

Upangaji unaolingana na bonde hili si mgumu. Karibu na msitu, ambako trauti wamo mitoni tangu enzi za ukoloni, afugwe trauti, na Kiganjo ina kituo chake. Ukanda wa joto wa Mbeere ufuge kambare, ambaye ni mwenyeji wa Tana, na spilurus aliyechaguliwa kutoka mito hiyohiyo, Sagana ikirudishiwa kazi ya van Someren na Whitehead. Vijito ambavyo havijapimwa vipimwe vinasaba kabla ya kifaranga mwingine kugawiwa, na vitakavyokutwa na spilurus safi vifungwe kwa mbegu ya kigeni kuanzia chemchemi hadi mwisho. Kwa vidimbwi vilivyokwisha kuwekwa tilapia wa Nile, maji ya kuvunia yaelekezwe shambani, kwenye migomba na mboga, yasifike mfereji wa mto; na kambare wachache waliokua waachiwe ndani ya kila kidimbwi, kwa kuwa humeza vifaranga wanaozaliwa humo kabla hawajalifikia bomba.