Nguzo Ndogo Nyuma ya Kioo

Wapenzi wengi wa saa hutamani Omega Speedmaster, na siwalaumu. NASA iliipitisha mwaka 1965 itumiwe na wanaanga, baada ya kuitesa kwa joto, baridi na mitikisiko. Julai 1969 Buzz Aldrin akatembea nayo mwezini. Mwaka uliofuata, Apollo 13 ilipoharibika safarini, mwanaanga Jack Swigert aliitumia kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili chombo kishike njia ya kurudi duniani. Bei yake leo ni maelfu ya dola, na mwenye mshahara wa kawaida huishia kuitazama dirishani.

Ila kinachonivuta mimi katika saa za namna hii, zinazopima muda kwa kubonyeza kitufe, ni ufundi wake, na ufundi huo haujafungiwa kwenye jina moja. Chukua Seagull 1963, saa ya China inayouzwa kwa dola mia chache tu, uigeuze. Kupitia kioo cha nyuma utaona kigurudumu kilichosimamishiwa nguzo nyembamba pande zote. Bonyeza kitufe cha juu. Kigurudumu kinazunguka hatua moja. Ncha ya wenzo iliyokuwa imeegemea nguzo inadondokea kwenye uwazi, na gurudumu jingine linasogea hadi meno yake yaumane na ya gurudumu la mshale wa sekunde. Mshale unaanza kwenda. Bonyeza tena, nguzo inausukuma wenzo nje na mshale unasimama palepale. Kitufe cha chini kinaangusha nyundo juu ya kipande chenye umbo la moyo, na mshale, popote ulipo, unarudi juu mara moja. Hamna betri humo. Kazi yote inafanywa na springi uliyoikaza mwenyewe kwa vidole.

Mashine hii asili yake ni Uswisi, ikiitwa Venus 175, na Breitling waliitia ndani ya Chronomat yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha saa cha mji wa Tianjin kilinunua mitambo ya kuitengenezea, kwa kuwa kilikuwa kimepewa kazi ya kuwaundia saa marubani wa jeshi la anga la China. Omega wenyewe, mwaka 1968, waliacha gurudumu la nguzo katika Speedmaster na kuweka kamu, kipande bapa kinachosukuma wenzo badala ya nguzo, ambayo ni rahisi zaidi kutengeneza. Kamu inafanya kazi vizuri, na Speedmaster ya kawaida ya leo bado inaitumia. Lakini ile ya Aldrin ilikuwa na nguzo, na mnunuzi wa Seagull anazipata.

Asiyetaka kukaza springi kila siku atafute Seiko 6139 ya mtumba. Ni ya mwaka 1969, inajikaza mkono unapotikisika, nayo ina gurudumu la nguzo. Mwanaanga William Pogue alikuwa nayo, yenye uso wa manjano, katika siku 84 alizokaa kwenye kituo cha angani cha Skylab hadi Februari 1974. Nyingi zilizoko sokoni zimebadilishwa uso, kwa hiyo nenda na fundi anayezijua. Na kabla ya kutoa pesa, anzisha mshale, uusimamishe, uurudishe: usipotua sawasawa kwenye 12, saa hiyo inahitaji matengenezo, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei.