Kuamini na Kutegemea: Biblia ya Roehl Mbele ya Lugha ya Kariakoo

Biblia iliyotafsiriwa na Karl Roehl, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani, ilitoka kamili katika mwaka 1937. Tangu hapo aghalabu imesifiwa au kulaumiwa kwa jambo moja, yaani wingi wa maneno ya Kiarabu yaliyoondolewa humo. Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi. Neno la dini halipimwi kwa asili yake peke yake, bali hupimwa pia kwa kazi linayoifanya kinywani mwa muumini tangu Jumatatu hata Jumamosi. Na kama pana mahali panapofaa kwa kipimo hicho, ni Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, ambako Mkristo huuza na kununua ubavuni pa Mwislamu na lugha yao ya biashara ni moja.

Roehl alieleza fikira zake juu ya lugha katika jarida liitwalo Africa, mwaka 1930. Kiswahili cha pwani, kwa maoni yake, kilikuwa kimeelemewa na Kiarabu, na ilipasa kirudishwe kwenye asili yake ya Kibantu. Canon Broomfield wa misheni ya UMCA alimjibu katika jarida lilo hilo mwaka 1931, akiyatetea maneno ya kigeni yaliyokwisha kuwa mali ya Waswahili. Kwa upande wa matumizi Broomfield alishinda, na Union Version ya mwaka 1952, iliyounganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa, ilifuata njia hiyo hiyo. Walakini swali la ufasaha si swali lote. Limebaki la pili: ni neno gani liwezalo kuichukua imani ya mtu aliyejitoa kwa moyo wote, asiiache mlangoni pa kanisa?

Roehl alimwita kuhani mtambikaji, na nabii akamwita mfumbuaji. Hilo la pili ni zuri, maana fumbo likifumbuliwa kila mtu huona. Kasoro yake ni kwamba nabii alikuwa amekwisha kujulikana na kila mwenyeji wa mji, Mkristo na asiye Mkristo. Mtambikaji ana taabu kubwa zaidi. Kwa Wazaramo, ambao nchi yao imeuzunguka mji wa Dar es Salaam, tambiko ni jambo la ukoo na wafu wake. Atakaye kutambika huelekea kijijini kwao. Neno lililochaguliwa ili liwe karibu na moyo, likifika mjini, humrudisha mwenye moyo shamba. Tena mji wenyewe haujali sana asili ya maneno. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wala hapana aliyewahi kudai kwamba jina hilo lisafishwe.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni kitenzi cha imani. Mahali pengi ambapo wafasiri wengine waliandika kuamini, Roehl aliandika kutegemea. Uteuzi huu usidharauliwe. Ategemeaye huuweka uzito wake wote juu ya kitu kingine, kikiondoka, huanguka. Kuamini nako, katika mazoea ya makanisa, mara nyingi kumepungua kukawa ni kukubali kwamba habari fulani ni kweli. Kusadiki, ambako Wakatoliki hulitumia katika kanuni yao ya imani, kuna hatari iyo hiyo, ingawa kwa asili ni ndugu wa sadaka. Roehl aliuona udhaifu huo, akatafuta neno lenye mwili.

Alichokipoteza huonekana dukani. Kuna biashara iitwayo mali kauli: mwenye duka humkabidhi mchuuzi bidhaa pasipo fedha wala rehani, kwa neno lake tu, naye mchuuzi hurudi kulipa baada ya kuuza. Mwenye duka husema amemwamini. Yule aliyeaminiwa hudaiwa uaminifu, na mali iliyo mkononi mwake ni amana. Maneno haya matatu ni ya shina moja, nayo yamemfunga atoaye pamoja na apokeaye. Mkristo wa mtaa huo asemapo kwamba anamwamini Mungu, ametumia, apende asipende, kitenzi cha deni na ahadi. Akipunja mizani siku ya Jumanne, neno lake mwenyewe la Jumapili limekwisha kumshitaki. Kutegemea hakuna nguvu hiyo, kwa kuwa ategemeaye huegemea tu, hakukabidhiwa kitu cha kurudisha. Isitoshe, mjini mtegemezi ni mtu asiye na pato, anayelishwa na jamaa zake. Mchuuzi hatapenda kuitwa hivyo, hata mbele ya Mungu.

Kwa hiyo lawama iliyo ya haki juu ya Roehl si kwamba aliuchukia Uarabu. Ni kwamba alilitafuta neno la moyoni mbali na mahali ambapo watu huwekeana ahadi. Wafasiri wa Union Version nao hawakukiacha kitenzi chake. Katika Mithali, sura ya 3, moyo wote umepewa kumtumaini Bwana, na kutegemea kumeachiwa kosa la mtu anayeziegemea akili zake mwenyewe. Lakini katika Isaya, sura ya 26, kitenzi hicho hicho kimerudishiwa heshima yake, na linalomtegemea Mungu hapo si mkono wala mwili, bali ni moyo.