Jina Katika Wimbo

Wimbo una kazi nyingi, na mojawapo ni kumpa mtu jina mbele ya wenzake. Katika nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria kazi hiyo yajulikana sana. Msafiri atokaye Kisumu na kufika Kisian, mahali ambapo barabara ya Bondo huachana na ile iendayo Busia, yumo katika nchi ya nyatiti na benga. Na muziki huo, tangu zamani, haukuwa wa kusikilizwa tu, bali ulikuwa pia baraza la kujitambulisha.

Waluo wana desturi iitwayo pakruok. Mpigaji anapokuwa katikati ya wimbo, msikilizaji hutoa fedha na kumsimamisha, kisha hujisifu. Husema yeye ni mwana wa nani, shemeji wa nani, rafiki wa nani, naye hujifananisha na mnyama au kitu kitukufu. Akimaliza, nyuzi huanza tena. Magitaa ya benga yalipoiga mdundo wa nyatiti, yaliirithi tabia hiyo. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu na vijiji vyao.

Desturi hii ni nzuri, kwa kuwa humtoa mtu katika kundi na kumweka mbele ya macho ya watu. Walakini, tukiitazama vema, twaona kwamba ina mipaka. Sifa hupimwa kwa ukoo, ndoa na uzao. Mwanamume ambaye moyo wake humwelekea mwanamume mwenziwe, au mwanamke ampendaye mwanamke, aweza kutoa fedha kama wengine. Lakini akisimama atasema nini? Atamtaja mke asiyemtaka, au atanyamaza juu ya yule ampendaye. Watu hudhani kwamba shurti la kufanana na wengine huja kwa fimbo na matusi peke yake. Huja kwa sifa pia, maana apewaye sifa kwa sura isiyo yake hujifunza kuificha iliyo yake.

Kwa hiyo haishangazi kwamba wimbo wa Kenya uliosema jambo hili waziwazi ulijengwa juu ya wimbo wa ugenini. Mwaka 2012 Wamarekani Macklemore na Ryan Lewis, pamoja na Mary Lambert, walitoa wimbo uitwao Same Love, wa kutetea mapenzi ya watu wa jinsia moja. Mwezi wa Februari 2016 kundi la Kenya liitwalo Art Attack lilitoa wimbo wao juu ya msingi huohuo, ukiwa na picha za wapenzi wa jinsia moja, za maandamano, na za vichwa vya habari vya magazeti. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliupiga marufuku, ikaitaka kampuni ya Google iuondoe katika YouTube. Google haikuuondoa.

Yatupasa kuuhukumu wimbo huu kama tuhukumuvyo kazi yoyote ya sanaa. Fadhila yake ni ushujaa na uwazi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi hutoa hoja mahali ambapo ungalipaswa kumwonyesha mtu. Unazungumza na bara zima, hata mpenzi mmoja mwenye kijiji, mama na shemeji hupotea katikati ya mabango. Ulinganishe na alivyofanya mwandishi Binyavanga Wainaina mwezi wa Januari 2014. Alipotaka kujitangaza kuwa yeye ni mmoja wa watu hao, hakuandika hotuba kwa taifa. Aliandika insha akimwambia mama yake, aliyekwisha kufariki. Msomaji asiyekubaliana naye hata kidogo alimwona mwana akizungumza na mzazi wake. Nguvu ya namna hiyo ndiyo iliyopungua katika wimbo.

Lakini kasoro ya sanaa si sababu ya kuifungia. Marufuku haikuonyesha kosa hata moja la wimbo ambalo msikilizaji asingaliweza kulipima mwenyewe. Na sheria yenyewe haikusema kwa sauti moja. Mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya tangu enzi ya ukoloni vinavyoharamisha uhusiano wa kimwili wa namna hiyo; mwezi wa Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima watu hao haki ya kusajili chama chao ni ubaguzi.

Watasema wengine kwamba muziki wa nyumbani hauwezi kubeba habari hizi, kwa kuwa mila haibadiliki. Nyatiti yenyewe inawajibu. Kwa mila ilikuwa ala ya wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Katika miaka ya 2000 mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, aliishi kijijini miongoni mwa Waluo, akajifunza, akakubaliwa, na leo ajulikana kwa jina la Kiluo, Anyango. Wazee waliolinda ala hiyo ndio walioufungua mlango. Ni ajabu kidogo kwamba mgeni alifunguliwa upesi kuliko binti wa nyumbani. Lakini mlango ulifunguka, na nyuzi nane hazikupoteza utamu wake.

Basi wimbo tunaoungoja bado haujasikika kwa nguvu inayostahili: wimbo wa ziwani, kwa lugha ya ziwani, ambamo mtu wa namna hii amsimamisha mpigaji, atoa fedha yake kama wengine, ataja ukoo wake bila kuukana, kisha amtaja ampendaye. Siku hiyo wasikilizaji watakuwa na hiari ya kupiga makofi au kunyamaza. Wajibu wao wa kwanza utakuwa ni kumwacha amalize.