Vidole Viwili na Kikokotoo

Mtu wa Kiongoroni hawezi kufika mezani kwa usuluhishi saa tatu asubuhi kama maji yamekupwa. Boti za delta ya Rufiji husubiri maji yajae ndipo zitoke kwenye mikono ya mto zielekee Nyamisati, na huko abiria bado ana safari ya nchi kavu. Msuluhishi anayeijua kazi yake huuliza habari za maji kabla ya kupanga tarehe. Sheria imempa siku 30 tu tangu shauri lifunguliwe, labda pande zote mbili zikubali kwa maandishi kuongeza, na akipanga vibaya atapoteza wiki nzima.

Ninayemsema ni msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Yanayozungumzwa mbele yake ni siri, kwa hiyo kisa ninachokifuata hapa ni cha mfano. Hatua zake ndizo za kweli. Kijana wa delta anafanya kazi kwenye mashine ya kuchana mbao Kibiti kwa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi. Msumeno unamkata vidole viwili. Kidonda hakijapona vizuri, tajiri anamwambia kazi imekwisha. Kijana anajaza fomu ya Tume ndani ya siku 30 za kuachishwa, na anadai vyote kwa mpigo: vidole, kazi, mshahara, na jinsi alivyosemeshwa mbele ya wenzake.

Msuluhishi anajitambulisha, anaeleza kwamba yeye si hakimu, kisha anamwacha kijana aseme mpaka aishiwe. Tajiri akitaka kudakia, anainua kalamu kidogo. “Mzee, zamu yako inakuja.” Anaandika machache mno: tarehe, kiasi, nani alikuwepo. Halafu anawasomea. Tajiri amesema alimpumzisha, kijana amesema alifukuzwa. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba kazi ilikoma tarehe fulani, na hakuna anayebisha.

Baada ya hapo anaanza kutenganisha, taratibu, kama mvuvi anayetatua nyavu zilizosokotana. Vidole si vya meza hii. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ajali ya kazini ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri peke yao. Kiwango cha ulemavu hupimwa kitabibu: kisipozidi asilimia 30, malipo ni ya mkupuo, kikizidi, ni pensheni ya kila mwezi. Asilimia hiyo haipandi wala kushuka kwa kubembelezana. Msuluhishi mzembe angeacha mambo yachanganyike, tajiri akatoa laki tano “za yote”, kijana akasaini akidhani vidole vimelipwa. Kwangu mimi, nusu ya ufundi iko hapa, na ndiyo nusu ambayo hakuna anayeipigia makofi.

Sasa anakutana na kila upande faraghani. Kwa tajiri ana swali moja: hili likienda kwenye uamuzi, una karatasi gani ya kuonyesha? Akishauliza, hasemi tena. Kwa kijana: “Bwana mdogo, ungependa kurudi kwenye mashine ile?” Kijana anautazama mkono, anatikisa kichwa. Anataka cheti cha utumishi, na mtaji wa kuanzia kitu kwao. Kumbe kazi aliyokuwa akiidai haitaki. Lakini msuluhishi halibebi jibu hilo hadi chumba cha pili mpaka aruhusiwe.

Kisha hesabu. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki: kama 60,000. Kwa siku sita za kazi, ni 10,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia. Kijana ametimiza miaka minne: 280,000. Anamsogezea tajiri kikokotoo abonyeze mwenyewe. Tarakimu zinapotokea, sauti ya tajiri inashuka. Notisi na likizo zinafuata njia hiyo hiyo. Inabaki fidia ya kuachishwa, na hapo ndipo saa zinapokwenda: chumba hiki, chumba kile, laki moja juu, elfu hamsini chini. Tajiri anatoka nje kupiga simu, anarudi na sura nyingine. Msuluhishi hataji kiasi chake hata mara moja.

Wakikubaliana, anaandika sentensi moja moja. “Atajitahidi kulipa” anaikata, anaweka “atalipa”, awamu mbili, kila moja na tarehe yake. Awamu moja ikichelewa, deni lote linadaiwa mara moja. Kifungu kingine kinasema makubaliano haya hayagusi dai la Mfuko. Yakishasainiwa, yanaweza kutekelezwa kama amri ya mahakama. Tajiri anachukua kofia yake, lakini msuluhishi anamrudisha kitini: taarifa ya ajali inayopaswa kwenda kwenye Mfuko bado haijajazwa, na sehemu ya mwajiri iko wazi.