Kimbunga Kikiisha, Maji Je?

Istilahi "kimbunga" imekwisha kupokewa na wengi, nasi hatuna ugomvi nayo. Tunachokosoa ni mpaka wake. Chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nchi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hushirikiana kuzifuatilia dhoruba, na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion huzipangia daraja. Kipimo ni upepo: ukifikia kilomita 118 kwa saa, dhoruba ni kimbunga, ukishuka, jina nalo hushuka. Kwa mtaalamu hilo latosha. Kwa mkazi wa Kilwa halitoshi.

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya (jina la ajabu, kwani kwetu hidaya ni zawadi) kiliingia Mafia, ikatangazwa kuwa kimepoteza nguvu. Tangazo lilikuwa sahihi. Upepo ulikuwa umelegea kweli. Lakini siku zizo hizo mafuriko yalikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, wilayani Kilwa, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Msikilizaji aambiwapo kimbunga kimekwisha, husikia kwamba hatari imekwisha. Kilichobaki hakina jina.

Twapendekeza "masalia ya kimbunga", yatajwe katika tangazo lilo hilo pamoja na mvua inayotazamiwa. "Mabaki" tumeliepuka, kwa kuwa humfikirisha mtu makombo na vifusi. Hata hivyo, kabla ya kusanifisha, waulizwe wavuvi wa Kilwa Kivinje, na wazee wa Lindi wenye habari za kimbunga cha mwaka 1952. Huenda wanalo neno.